Shingo Mbili za Tumbo Moja

Kama mikono yako yote miwili imewahi kuwaka moto kwa pamoja baada ya kugongwa kichwa, halafu ikapoa, halafu ukaambiwa urudi uwanjani, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si dokta. Ninachokijua ni kukaa kwenye mabenchi ya hospitali, kuvuliwa hereni mbele ya mashine, na kumwangalia mtu mwingine akiruhusiwa kufanya kile nilichokatazwa mimi. Hilo la mwisho liliniuma kuliko shingo yenyewe, na sitalipunguza katika kulisimulia.

Naitwa Kabange. Mama alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, akaolewa Nchelenge upande huu na mvuvi aliyetoka Kafutuma. Kwa hiyo nyumbani kwetu tata, yaani baba, anaongea Kibemba, mama anamjibu kwa Kiswahili cha kwao, na sisi watoto tunachanganya. Sisi ni mapacha, mama anasema mapasa. Dada yangu Kyungu alitoka kwanza, mimi nikafuata, na tangu siku ile aliendelea kutangulia katika kila jambo. Alitembea kwanza. Alijua kusoma kwanza. Hata sokoni Kashikishi watu walikuwa wakiniuliza, “Weye njo ule mwingine?” Nami nilikuwa najibu ndiyo.

Kitu kimoja tu nilimzidi, nacho ni mpira. Nilikuwa beki wa kati wa timu ya wanawake ya hapa kwetu, na kila mpira wa juu ulikuwa wangu. Kyungu alicheza beki ya kulia, na siku nyingine alianzia benchi. Sikuwahi kumwambia jinsi nilivyopenda kumwona pale benchi, amevaa koti, akipiga makofi kwa ajili yangu.

Tulikwenda kucheza Chienge mvua zilipokuwa zimeisha karibuni na uwanja umeanza kuwa mgumu. Wakapata kona. Niliruka, mshambuliaji wao naye akaruka akanizunguka, na wakati wa kushuka nikagonga utosi kwenye nyonga yake huku kidevu changu kikiwa kimebanwa kifuani. Nilisikia moto ukishuka kutoka shingoni, ukaingia mabegani, ukatoka kwenye ncha za vidole. Baada ya moto hapakuwa na kitu. Nililala ubavu, mchanga umenijaa mdomoni, nikataka kuutoa kwa mkono. Mkono haukuja. Nikauita mguu, nao haukuja. Niliwasikia watu wote vizuri kabisa.

Kochi alikuja mbio na wachezaji wawili, wakanishika makwapani ili wanisimamishe. Ndipo Kyungu akafika.

“Musimuguse! Mumuache hapo!”

“Ni kizunguzungu tu,” kochi akasema. “Akisimama kitaisha.”

“Angalia bidole byake. Habitembee! Nimesema musimuguse!”

Alipiga magoti nyuma yangu, akaweka mikono yake huku na huku ya kichwa changu, akabaki hivyo hivyo. Miguu ndiyo iliyorudi kwanza, kwa kuchomachoma, halafu mikono. Kabla mechi haijaisha nilikuwa nimekaa nje ya mstari nakunywa maji, na watu wa Chienge wakanipigia makofi. Njiani kurudi tuliimba.

Hospitali ya hapa walinipiga picha ya shingo, ile ambayo mama, kama watu wa Kongo, anaiita radio. Hakuna mfupa uliovunjika. Nikapewa kola ya kuvaa shingoni na vidonge vya maumivu, nikaambiwa nipumzike. Mama alimshukuru Mungu kanisani mbele za watu. Nami nilipumzika mpaka niliposhindwa, yaani mpaka upepo baridi wa ziwani ulipoanza kuvuma na ligi ya jimbo ikafika katikati.

Safari ya pili sikugongwa sana. Ilikuwa mazoezini, bega la mtu tu. Mikono ikawaka tena, na safari hii haikupoa vizuri.

Kuanzia hapo mwili wangu ulibadilika kidogo kidogo, na kila badiliko lilikuwa dogo mno kulisema kwa dokta. Vidole vilikuwa kama nimevaa glavu. Kisu cha kupasulia samaki kilianguka, nikakiokota, kikaanguka. Vifungo vya blauzi vilinishinda, nikaanza kuvaa fulana tu. Nilipotembea mchangani pale ziwani ilikuwa kama mchanga umekuwa laini kuliko zamani, kama godoro, na mguu wa kushoto ulianza kurukaruka wenyewe nikikaa. Mama aliona kabla sijasema.

“Mutoto yangu, juu ya nini unakamata kikombe na mikono mbili?”

“Ni baridi, mama.”

“Hapana. Baridi iko ya batu bote.”

Wakati huohuo timu kubwa ya Kopabelti, kule kwenye migodi ya shaba, ilituma watu wawili kuja kutazama wachezaji. Walikuwa wamesikia jina la Kabange. Nilikaa benchi na kola yangu, nimelivaa koti lile lile alilokuwa akilivaa Kyungu, na yeye akasimama mahali pangu, beki ya kati. Mmoja wa wale wageni alimwuliza kochi, “Kabange ni yupi?” Kochi akanionyesha kwa kidole. Yule mtu akaniambia pole, kwa heshima, halafu akageuza uso kutazama uwanja.

Kyungu alicheza vizuri. Nasema hivyo sasa. Siku ile kila mpira alioupiga kwa kichwa niliuona jinsi ambavyo mimi ningeuchukua juu zaidi na mapema zaidi. Nilimwombea akose. Niliomba kwa maneno kabisa, midomo ikitembea, na kochi akadhani nawaombea ushindi. Tulipofika nyumbani mama alikuwa anageuza chisense juani, wale samaki wadogo tunaowauza wakiwa wakavu, na Kyungu akamwambia kwamba ameitwa. Mama alishangilia kwa kupiga kigelegele, kisha akanitazama, akakikata katikati. Hicho kigelegele kilichokatwa kilinichoma vibaya zaidi kuliko kama angekimaliza.

Ile timu ilikuwa na sharti moja. Kwa kuwa pacha wake alikuwa na tatizo la shingo, walitaka shingo ya Kyungu nayo ipimwe kabla hajacheza. Kwa hiyo tulipanda basi la kwenda hospitali ya Mansa pamoja na mama, mimi kama mgonjwa na Kyungu kama mchezaji, tukakaa kwenye benchi moja mbele ya chumba cha picha, kati ya mama mjamzito na mzee aliyevunjika mkono.

Mpiga picha alikuwa kijana mpole. Alinisimamisha ubavu, akaniambia nishushe mabega niwezavyo. Baadaye alituita sote watatu, akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Alichora mstari kukata mfupa mmoja wa shingo yangu, halafu mwingine kukata nafasi iliyo nyuma ya mfupa huo.

“Huu ni mfupa wenyewe,” akasema. “Na huu hapa ni mfereji. Ule mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo unapita humu. Mfereji ungetakiwa ukaribie upana wa mfupa. Wako ni mwembamba. Nadhani umezaliwa nao.”

Akafungua picha ya Kyungu, akachora mistari ile ile. Akapima. Akapima tena.

“Mapacha kweli,” akasema. “Ni sawasawa.”

Kyungu alishika ukingo wa meza. Mama akasema, “Yesu wangu.” Nami nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nilifurahi. Sijui neno jingine la kuweka pale. Ndani ya basi la kurudi nilimgawia karanga zangu, nikamwekea mkono begani, nikamfariji, na faraja ile ilitoka moyoni. Tangu siku aliyoitwa na ile timu sikuwa nimempenda kama nilivyompenda kwenye basi lile.

“Njo imeisha?” akaniuliza, akitazama nje.

“Njo imeisha,” nikamjibu. “Tutauza samaki na mama.”

Lakini dokta wa Mansa hakuridhika na picha za ubavuni. Akatuandikia sote wawili twende Ndola, kwenye mashine ya MRI, ile unayolala ndani yake. Tulikwenda katika joto kali kabla ya mvua, na mama akafuatana nasi.

Chumba cha kungojea cha Ndola kilikuwa na feni moja, na watu wote walisogea upande wake. Karibu yetu alikaa baba mmoja wa makamo, mwenye mabega mapana na fimbo. Aliniuliza nacheza nini. Nikamwambia. Akasema yeye alicheza raga ujanani, akapata moto wa mikono kama wangu, akarudi kucheza, ukamjia tena, akarudi tena. “Siku hizo hatukupigwa picha za ndani,” akasema. “Tulipakwa dawa ya misuli.” Kisha akanipa chupa yake ya maji.

“Nisaidie kufungua, mwanangu. Vidole vyangu havina nguvu.”

Nilijaribu. Kifuniko kiliteleza, nikajaribu kwa meno, kikateleza. Tukatazamana, yeye na mimi, tukacheka mpaka akakohoa. Kyungu akanyosha mkono, akaichukua chupa, akaifungua kama mtu anayefungua mlango wa kwake, akamrudishia mzee wa watu kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Akafanya vizuri. Nikakichukia kile kiganja chake.

Kuhusu mashine yenyewe, nikuambie unachohitaji kujua. Ni nyembamba. Inagonga kama fundi anayepiga injini ya boti kwa nyundo, kisha inanyamaza, kisha inagonga mahali pengine. Usipojua kwamba kunyamaza si mwisho, utavunjika moyo. Waombe wamruhusu mtu wako aingie, kama hana chuma mwilini. Mama alivua rozari, pete na pini ya kitambaa, akakaa miguuni pangu, akanishika kisigino muda wote. Kisigino ndicho sehemu ya mwili wangu iliyokuwa bado inasikia vizuri. Kyungu alipoingia yeye, alikataa kushikwa. Alisema hana haja.

Dokta aliyetusomea majibu alikuwa mama wa Kibemba, mwenye sauti ya chini. Alianza na Kyungu, naye ni mkubwa.

“Picha ya Mansa haikusema uongo, lakini haikusema yote,” akaeleza. “Inapima mfereji kwa kuulinganisha na mfupa. Ninyi wanamichezo mna mifupa minene, kwa hiyo mfereji unaweza kuonekana mwembamba hata kama nafasi inatosha. Lazima tutazame nafasi ya mshipa wenyewe.” Akaonyesha. Katikati ya shingo ya Kyungu ulishuka mkanda wa kijivu, na huku na huku ya mkanda ule kulikuwa na weupe, mbele na nyuma, kutoka juu hadi chini. “Huu weupe ni maji. Mshipa wake unaelea. Sina sababu ya kumkataza kucheza.”

Kisha akafungua yangu. Mkanda ule ule wa kijivu ulishuka, ukafika katikati ya shingo, na hapo weupe ulikwisha. Mfupa uliugusa mshipa kwa mbele na kwa nyuma. Na ndani ya kijivu chenyewe palikuwa na doa jeupe dogo, mahali ambapo weupe haukutakiwa kuwa.

“Hapa mshipa umeumia,” akasema. “Hutacheza tena. Na nakutuma Lusaka, kwa watu wa upasuaji.”

“Ba dokota mukwai,” mama akauliza kwa heshima ya Kibemba, “hawa walitoka tumbo moja. Inawezekanaje?”

“Inawezekana, mama. Ni mapacha wa mayai mawili. Kila mmoja alijengwa peke yake.”

Dokta aliongeza jambo moja. Akauliza ni nani aliyewazuia watu wasininyanyue siku ya Chienge, maana nilikuwa nimemsimulia. Mama akamwonyesha Kyungu. Dokta akampa mkono. Kwa hiyo hata kutembea kwangu kulikuwa kwake.

Nilitoka nje. Kyungu alinifuata kwenye ukumbi, akanigusa bega, na mimi nikageuka.

“Ulikula yote mu tumbo ya mama,” nikamwambia. “Yote. Haukuniachia hata kidogo.”

“Kabange.”

“Weye ulikuwa na kila kitu. Miye nilikuwa na mupira. Sasa na mupira umekamata.”

“Unataka nikatae? Sema. Minakataa leo, minapigia bale batu simu.”

Nilitaka aseme hivyo, na alipokwisha kusema nilitaka nimpige. Mama akatokea mlangoni na rozari mkononi, hajaivaa bado, akasimama kati yetu. Alitushika kila mmoja kwa mkono wake kama tulivyokuwa tukivushwa barabara utotoni, akatutoa nje ya geti.

Kyungu aliondoka kwenda Kopabelti mvua za kwanza zilipoanza. Mimi nilibaki kungojea kuitwa Lusaka. Ziwa lilikuwa limefungwa, uvuvi umekatazwa ili samaki wazaane, na miezi hiyo hakuna nyavu wala boti za uvuvi za kisiwa cha Kilwa, na watu wenye nafasi ya kukaa wana nafasi ya kusema. Ikaanza kusemwa sokoni kwamba Kyungu alikwenda ng'ambo akapata dawa, akaivuta nyota yangu. Maneno yale yalinifikia, nami sikuyakataa. Nikiulizwa niliinamisha macho. Ilikuwa tamu kuonekana nimeibiwa.

Siku moja mwanamke mmoja wa kanisani, muuza mafuta, alimwambia mama mbele yangu:

“Mama mapasa, huyu mukubwa alikamata nyota ya mudogo yake. Umupeleke kwa mutumishi wa Mungu, aseme ukweli.”

Mama alikuwa anafunga unga kwenye mfuko. Akamaliza fundo lake kwanza.

“Nilizala batoto bawili,” akasema. “Sikuzala muchawi. Ukitaka kujua nani alifanya hii shingo, kuja uniulize miye. Ilijengwa ndani yangu.”

Halafu, tukiwa njiani kurudi, aliniambia bila kunitazama, “Na weye, ulikuwa unanyamaza.” Ni hayo tu. Nilitembea nyuma yake, mguu ukiburura mchanga, nikajua kwamba amekuwa akijilaumu tangu Ndola, na kwamba kila niliponyamaza sokoni nilikuwa nimemwacha peke yake na lawama ile. Kuanzia siku hiyo nikiulizwa nilisema: ni mfupa. Nilizaliwa nao. Lakini wivu haukuondoka kwa sababu nimejua ukweli. Kyungu alituma picha akiwa na jezi mpya, nikaikuza kwa vidole vyangu vizito nione shingo yake.

Kabla sijaitwa nilianguka mara kadhaa, na mara moja nikiwa na ndoo ya maji. Mkono wa kulia haukuweza tena kukata bukari, ugali wetu, vizuri, mama akawa ananikatia matonge, nami nikageukia ukuta wakati wa kula. Tata, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alinichongea fimbo ya mti mwepesi. Aliiacha mlangoni. Hakunikabidhi, na namshukuru kwa hilo.

Lusaka walinipasua kwa nyuma ya shingo wakati ziwa linakaribia kufunguliwa. Dokta wa upasuaji alinieleza kwamba wanafungua mfupa upande mmoja kama mlango, unabaki wazi, mshipa unapata nafasi. Akaniambia wazi: lengo ni kuzuia usizidi kuharibika, na kitakachorudi ni zawadi. Mshike dokta anayekuambia hivyo. Anayekuahidi uwanja, muulize tena.

Nilipoamka shingo ilikuwa kama imewekwa katika saruji. Kilichonishangaza ni mtu aliyekaa pembeni ya kitanda. Mama alikuwa amerudi kwa ndugu kulala kidogo, na aliyeshika bakuli alikuwa Kyungu.

“Mechi yenu?” nikamwuliza. Nilijua ratiba yao yote kwa kichwa.

“Banacheza bila miye.”

“Watakuweka benchi.”

“Bataniweka. Fungua kinywa.”

Alinilisha uji. Alikuwa na kucha fupi za mchezaji na kovu jipya kwenye nyusi. Baada ya vijiko vichache akaacha.

“Unajua minaogopa?” akasema. “Dokta alisema niko salama. Lakini kila mupira ukiwa juu, minaona weye chini mu muchanga. Minachelewa kuruka. Kochi anasema nina uzito. Sijamwambia mutu.”

Zamani ningelifurahia jambo hilo, na kidogo nililifurahia.

“Na mama,” akaendelea, “akinipigia simu, ya kwanza anauliza kama nilikupigia. Ya pili anauliza kama nilikupigia kweli. Hajawahi kuuliza kama tulishinda.”

“Kwa hiyo unanionea wivu?”

“Kidogo.”

“Unataka shingo yangu?”

“Apana!” akasema haraka, na sote wawili tukaanza kucheka, na nyuzi za kidonda zikanivuta mpaka machozi yakatoka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alituuliza kwa Kibemba kama tumerukwa na akili.

Kabla hajaondoka nilimwambia jambo ambalo nilikuwa nimelizuia tangu siku aliposimama mahali pangu uwanjani. “Unachelewa kwa sababu unatazama mpira. Mtazame mtu kwanza, ruka kabla yake, mpira utakukuta. Na kidevu usikibane.” Alisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi. Kumpa siri ile kuliniuma kuliko kutolewa nyuzi. Alipotaka kwenda aliinama chini ya kitanda kutafuta kiatu chake, akainuka, akanyosha mikono juu ya kichwa bila kufikiri, nami nikafumba macho.

Nilirudi nyumbani boti zikiwa zimerudi ziwani. Mama alinipa kazi ya kuokota vijiti na mawe madogo ndani ya chisense, kwa vidole, na mwanzoni niliokota samaki na kuacha mawe. Asubuhi nilikamua kitambaa chenye maji juu ya beseni. Kwanza kilidondosha matone, baadaye kikatoa maji. Kufika msimu wa baridi niliweza kufunga kifungo cha juu, kile kigumu, kwa mkono wa kulia. Mguu wa kushoto bado unarukaruka nikichoka. Shingo hainami mpaka mwisho na haigeuki vizuri kushoto, kwa hiyo ukitaka kunisalimu njoo upande wa kulia.

Wewe unayesoma haya na bado unacheza: moto wa mkono mmoja ni jambo la kumwambia dokta, na moto wa mikono miwili ni jambo la kuacha mpira papo hapo mpaka upimwe. Picha ya ubavuni ikionyesha wembamba, usilie bado, na isipoonyesha mfupa uliovunjika, usishangilie bado. Uliza kuhusu nafasi ya mshipa. Na usiende peke yako. Na kama kuna mtu wako aliyepimwa akaambiwa aende zake akacheze, utamwonea wivu. Mimi bado namwonea. Kyungu sasa anaanza mechi, anaruka mapema, hakibani kidevu, na watu wa sokoni wananiuliza, “Dada yako alishinda?” Siku nyingine najibu vizuri.

Alikuja likizo mwezi uliopita. Kabla ya kurudi kazini alileta kiti kidogo, akakaa mbele yangu kivulini nyuma ya nyumba, akafungua kitambaa chake cha kichwa.

“Unisuke,” akasema.

“Vidole vyangu bado.”

“Bitaenda polepole. Basi ni ya kesho.”

Nikaanza. Mstari wa kwanza ulipinda, nikaufumua, nikaurudia. Wa pili ulikwenda. Vidole vilikuwa vikiuma lakini vilijua njia, na nywele zilikaa mahali nilipoziweka. Mama alipita na beseni, akaona, akaendelea na safari yake haraka.

Nilipofika kisogoni nikamwambia ainamishe kichwa. Akainamisha, kidevu kikagusa kifua, shingo yote ikafunguka mbele yangu, ndefu, laini, kila mfupa ukijionyesha chini ya ngozi. Haikumgharimu chochote. Nikamaliza mstari ule.

“Inamisha tena,” nikasema.

Akainamisha tena. Sikuwa na sababu. Nilitaka tu kuangalia.

“Imeisha?” akauliza kutoka huko chini.

“Bado,” nikasema, nikagawanya nywele za mstari mwingine. “Kaa.”